Mashine pepe inapolia MCE: dalili, vyanzo na pa kuanzia

Ujumbe wa `[Hardware Error]` ndani ya mashine pepe unachanganya kwa sababu mashine pepe haina maunzi yake. RAM inayoiona ni kipande cha RAM ya seva iliyoibeba, na prosesa inayoiona ni zamu tu kwenye prosesa ya seva hiyo hiyo. Anayelia ni mgeni, lakini anayeumwa karibu kila mara ni mwenyeji. Niliwahi kulipia kutojua hilo. Mgeni mmoja wa hifadhidata alianguka mara tatu ndani ya siku tisa. Nikamjenga upya, nikabadilisha toleo la kerneli, nikalaumu draiva. Siku nilipofungua logi za seva yenyewe nikakuta hesabu ya makosa ya RAM ilikuwa ikipanda muda wote huo. Ndiyo maana utaona hapa chini narudi kwa mwenyeji kila hatua.

Tuelewane maneno kwanza. Mwenyeji ni seva halisi, mgeni ni mashine pepe, na haipavaiza ni programu inayowaendesha wageni. Mifano mingi ni ya Linux yenye KVM na QEMU, jozi ya programu za haipavaiza, kwa kuwa huko kila kitu kinaonekana wazi, ila mantiki ni ileile kwingineko. MCE ni kifupi cha Machine Check Exception, tukio ambalo prosesa ya x86 (aina ya Intel na AMD) huliibua inapogundua kosa la maunzi: RAM, kashe, njia za ndani, au prosesa yenyewe. Makosa hayo yana uzito tofauti. Kuna yaliyorekebishwa, ambapo ECC, uwezo wa RAM kujisahihisha, imeshasahihisha biti na kazi inaendelea. Kuna yasiyorekebishika lakini yanayoweza kuzungukwa, kwa kuutenga ukurasa (kipande kidogo) wa RAM ulioharibika. Na kuna ya kuua, ambapo prosesa haiwezi tena kuapa kwamba hali yake ni sahihi.

Njia ya habari kutoka kwa mwenyeji hadi kwa mgeni inafaa kuijua, maana dalili zote zinazofuata zimo humo. Tangu toleo 2.6.32 la Desemba 2009, kerneli ya Linux inaweza kuutenga ukurasa mbovu na kuipelekea programu iliyokuwa ikiutumia ishara ya SIGBUS. Kwa mwenyeji wa KVM, programu hiyo ni QEMU. QEMU ikiipokea inatafuta anwani ile inaangukia wapi katika RAM ya mgeni, kisha inamtengenezea mgeni MCE yake. Mgeni anaipokea kama ya kweli, na anafanya alichofanya mwenyeji: anatenga ukurasa, anaua programu iliyougusa, au anaanguka.

## Kabla ya kugusa chochote

Hakikisha uko ndani ya nini. `systemd-detect-virt` itakuambia kama ni mashine pepe, na ya aina gani. Kisha okoa logi, kwa mgeni na kwa mwenyeji, kabla hujawasha upya kitu:

`dmesg -T | grep -iE 'mce|hardware error|memory failure'`

`journalctl -k -b -1`

Amri ya pili inasoma logi za uwashaji uliotangulia, kama mfumo wako unazihifadhi kwenye diski. Halafu chukua nakala rudufu ya data muhimu, na uiweke nje ya seva hiyo. Usiifute nakala ya zamani. RAM mbovu isiyo na ECC inaweza kuwa imeshaandika takataka kwenye nakala mpya.

## Dalili: Logi za mgeni zina maneno ya kutisha, lakini kila kitu kinakwenda

Hii ndiyo inayoripotiwa zaidi, na mara nyingi si ugonjwa.

Chanzo cha kawaida kabisa ni programu ya mcelog iliyosakinishwa ndani ya mgeni. Inaamka, inakuta prosesa isiyoifahamu, inaandika kwamba haiungi mkono prosesa hiyo na kuondoka. Kwa prosesa mpya za AMD itakuelekeza utumie `edac_mce_amd`. Zima huduma hiyo ndani ya mgeni. Kazi ya kuhesabu makosa ni ya mwenyeji, na huko tumia rasdaemon.

Kinachofuata ni `EDAC amd64: Node 0: DRAM ECC disabled.` Draiva ya EDAC, inayofuatilia makosa ya RAM, imejaribu kuongea na kidhibiti cha RAM, na ndani ya mgeni kidhibiti hicho hakipo. Ujumbe huu hauna maana kwamba ECC ya seva imezimwa. Ukitaka kujua hali ya ECC, muulize mwenyeji.

Cha tatu ni `unchecked MSR access error: RDMSR from 0x17f`. Kerneli ya mgeni ilijaribu kusoma rejista ya kuwasha logi za ziada za makosa kwenye baadhi ya prosesa za Intel, na KVM haina rejista hiyo. Kasoro hii ya kerneli ilirekebishwa mwaka 2020. Sasisha kerneli ya mgeni na ujumbe utapotea.

Angalia jambo moja kabla ya kupumua. Mstari ukisema `Machine check events logged`, au ukitaja namba ya benki (fungu la rejista ambamo prosesa huandika kosa) pamoja na hali yenye tarakimu nyingi, huo si wa kundi hili. Nenda dalili inayofuata.

## Dalili: Programu moja ndani ya mgeni inauawa, mgeni mwenyewe yuko hai

Ndani ya mgeni utaona kitu kama hiki:

`mce: [Hardware Error]: CPU 3: Machine Check Exception: ... Bank 9: bd80000000000134`

`Memory failure: 0x1a2b3: Sending SIGBUS to postgres:2211 due to hardware memory corruption`

Hapa QEMU imefanya kazi yake vizuri. Tuufungue ule mstari wa kwanza polepole, maana ukiuelewa huu umeelewa sehemu kubwa ya mambo haya.

Benki 9 ni alama ya mkono wa QEMU. Kwa mgeni mwenye prosesa ya Intel, QEMU hutoa benki kumi, 0 hadi 9, na makosa ya RAM huyaandika kwenye ile ya mwisho. Sasa hali yenyewe, `bd80000000000134`. Herufi ya kwanza, b, ni biti 1011: taarifa ni halali, hakuna kosa lililofunikwa na jingine, kosa halikurekebishika, na utoaji taarifa umewashwa. Herufi ya pili, d, ni 1101: maelezo ya ziada yapo, anwani ipo, kisha sifuri, kisha alama kwamba tukio hili limetangazwa kama MCE. Ile sifuri ni ya thamani sana. Ingekuwa moja, maana yake hali ya prosesa imeharibika na hakuna kupona. Tarakimu ya tatu, 8, inasema hatua inahitajika sasa hivi, kwa sababu programu ilikuwa katikati ya kusoma data hiyo. Mwishoni, 0134 ni msimbo wa kusoma data.

Ukikuta `bd000000000000c0` badala yake, ile 8 haipo na msimbo ni 00c0. Hapo kosa limegunduliwa na ukaguzi wa RAM unaozunguka chinichini, kabla ya programu yoyote kuigusa sehemu hiyo. Ni habari mbaya iliyokuja mapema, na mgeni ana nafasi nzuri ya kuutenga ukurasa bila kumuua mtu.

Kuna mitego miwili katika mstari huohuo. "CPU 3" ni prosesa pepe. Usiende kubadilisha prosesa ya seva kwa sababu yake. Na anwani iliyomo ni ya RAM kama mgeni anavyoiona. Haikupeleki kwenye kijiti chochote cha RAM. Kiungo kati ya anwani ya mgeni na ya mwenyeji utakipata kwenye logi ya QEMU, kwa kawaida `/var/log/libvirt/qemu/` ikifuatwa na jina la mgeni, kwenye mstari unaoanza na `Guest MCE Memory Error at QEMU addr`.

Vyanzo, kuanzia cha kawaida:

Kijiti cha RAM cha mwenyeji kimeanza kufa. Anza na ukaguzi mwepesi, kwa mwenyeji:

`grep HardwareCorrupted /proc/meminfo`

`ras-mc-ctl --summary`

`grep . /sys/devices/system/edac/mc/mc*/dimm*/dimm_ce_count`

Thamani ya HardwareCorrupted iliyo juu ya sifuri ina maana kerneli imeshatenga kurasa. Kila ukurasa wa kawaida ni kB 4. Amri ya tatu inakuonyesha ni kijiti kipi kinachosahihishwa mara kwa mara. Kimoja kikiwa na mamia huku wenzake wakiwa na sifuri, umempata. Seva nyingi pia hutunza daftari lao nje ya mfumo endeshi. Lisome kwa `ipmitool sel elist`.

Kijiti kimelegea au sloti ina vumbi, hasa kama seva ilihamishwa au kufunguliwa hivi karibuni.

Joto, au mipangilio ya BIOS iliyoipandisha RAM juu ya kasi yake. Rudisha mipangilio ya kiwandani kabla ya kununua chochote.

Kidhibiti cha RAM kilichomo ndani ya prosesa, au ubao mama. Ni nadra, na njia ya kuvitenganisha nimeieleza mbele.

Kwa upande wa mgeni, soma neno la mwisho la ujumbe wa `Memory failure`. Ukisema `clean LRU page: Recovered`, ukurasa ulikuwa nakala ya kitu kilichopo kwenye diski, utasomwa tena na hakuna kilichopotea. Ukisema `dirty LRU page`, kulikuwa na data ambayo bado haijaandikwa, na hiyo imekwenda. Kama mwenye ukurasa ni hifadhidata, fanya ukaguzi wa uadilifu wa data kabla ya kuirudisha kazini. Isipojibu vizuri, simama hapo na umwite msimamizi wa hifadhidata. Kujaribu kuirekebisha kwa kubahatisha kumewahi kugeuza hasara ya safu chache kuwa hasara ya jedwali zima.

Baada ya hapo mwashe mgeni upya. Mgeni akianza upya, QEMU hubadilisha kurasa mbovu za kawaida kwa nyingine nzima.

## Dalili: Mgeni anaanguka na kernel panic

Skrini ya mgeni inaishia na `Kernel panic - not syncing`, yaani kerneli imejisimamisha, ikifuatwa na maneno ya machine check.

Mara nyingi ni jambo lilelile la juu, isipokuwa ukurasa mbovu uliangukia kwenye kerneli ya mgeni mwenyewe. Hakuna programu ya kuuawa badala yake, basi anaanguka yeye. Fanya ukaguzi uleule kwa mwenyeji.

Ujumbe ukiwa `Timeout: Not all CPUs entered broadcast exception handler`, kuna jambo la pili. Kwa desturi ya Intel, MCE hutangazwa kwa prosesa zote, na kerneli ya Linux husubiri zote zifike kwenye kituo cha kulishughulikia. Muda wa kusubiri kwa kawaida ni sekunde moja. Kwenye maunzi halisi sekunde moja ni nyingi mno. Kwenye mashine pepe, prosesa pepe inaweza kuwa imewekwa pembeni ikisubiri zamu, kwa sababu mwenyeji ana wageni wengi kuliko anavyoweza kuwahudumia. Kosa ambalo lingepona linageuka kifo kwa kuchelewa tu. Tazama `steal`, muda ambao mgeni anasubiri zamu, kwenye `top` yake. Kama iko juu mara kwa mara, punguza msongamano kwa mwenyeji. Muda wenyewe unasomeka na kubadilishwa kwenye `/sys/devices/system/machinecheck/machinecheck0/monarch_timeout`, kwa mikrosekunde. Dawa nzuri zaidi, kama prosesa na BIOS ya mwenyeji zinakubali, ni kumpa mgeni uwezo wa kupokea MCE kwenye prosesa husika pekee: `-cpu host,lmce=on`. Kumbuka tu kwamba mgeni wa namna hiyo hawezi kuhamia kwa mwenyeji asiye na uwezo huo.

Chanzo cha tatu ni kurasa kubwa. Mwenyeji akimpa mgeni RAM kwa kurasa za hugetlbfs za GB 1, chembe moja mbovu inaweza kumnyang'anya mgeni GB nzima. Utaiona kama mvua ya MCE zenye anwani zinazokaribiana, kisha panic. Kurasa za MB 2 hupunguza hasara sana. Zile kurasa kubwa ambazo kerneli huziunda yenyewe hupasuliwa kwanza, kwa hiyo hazina tatizo hili kwa kiwango hicho. Kwa mgeni mwenye data nyeti mimi siweki kurasa za GB 1 mpaka nione kipimo kinachonithibitishia kwamba faida yake inastahili hatari hiyo.

## Dalili: Mgeni ametoweka bila neno

Hakuna panic, hakuna logi ndani ya mgeni; `virsh list` haimwonyeshi tena.

Usikimbilie MCE. Kwanza tafuta `Out of memory: Killed process` kwenye logi za mwenyeji. Mwenyeji aliyeishiwa RAM huua programu kubwa kuliko zote, na QEMU ndiyo kubwa. Nimeona hili mara nyingi zaidi ya MCE.

Kama si hilo, fungua logi ya QEMU. Ukikuta `Hardware memory error for memory used by QEMU itself instead of guest system!`, chembe mbovu iliangukia kwenye kumbukumbu ya QEMU yenyewe, nje ya RAM ya mgeni. Hakuna wa kumpelekea MCE, hivyo QEMU inajifunga. Mgeni hana kosa. Mhamishie seva nyingine akiwa amezimwa, kisha shughulikia RAM.

Sababu adimu ni mgeni aliyepewa aina ya prosesa isiyo na uwezo wa MCE. Ndani ya mgeni, `grep -wo mce /proc/cpuinfo` ikirudi tupu, rekebisha aina ya prosesa kwenye usanidi wake. Kuna watu huondoa uwezo huo makusudi ili logi ziwe safi. Matokeo yake ni kwamba kosa ambalo lingegharimu programu moja sasa linagharimu mashine nzima.

## Dalili: Mgeni wa Windows anaonyesha 0x124

Msimbo 0x124 wa skrini ya bluu, WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, ni jina la Windows kwa jambo hilihili. Kwenye Windows za zamani msimbo ulikuwa 0x9C. Tazama namba ya kwanza kati ya nne zinazofuata msimbo. Ikiwa 0x0, ni MCE, na namba ya tatu na ya nne ni nusu mbili za ile hali niliyoifungua juu. Ziunganishe na uzisome vilevile. Ikiwa 0x4, ni kosa la PCI Express, na hapo mtuhumiwa ni kifaa ulichomkabidhi mgeni moja kwa moja, aghalabu kadi ya picha. Mwondolee mgeni kifaa hicho, umwendeshe siku kadhaa, uone.

Kwenye kitazamaji cha matukio, chanzo ni WHEA-Logger: tukio 18 ni kosa la kuua, 19 ni lililorekebishwa. Faili ya kumbukumbu ya mwanguko ukiifungua kwa WinDbg, `!errrec` ikifuatwa na namba ya pili itakusomea rekodi nzima.

Baada ya hapo kazi inarudi kwa mwenyeji.

## Dalili: Mwenyeji mzima anaanguka na wageni wote

Hili ni zito. Kwenye ESXi, haipavaiza ya VMware, ni skrini ya zambarau, na maelezo yako kwenye `/var/log/vmkernel.log`. Kwenye Xen, haipavaiza nyingine, soma `xl dmesg`. Kwenye KVM ni panic ya kawaida ya Linux, au seva kujiwasha upya kimyakimya. Hapo daftari la `ipmitool` huwa ndilo shahidi pekee.

RAM bado inaongoza. Baada yake ni umeme na joto: kifaa cha umeme kilichochoka, feni iliyokufa, gundi ya joto iliyokauka. Angalia `ipmitool sensor`. Kisha programu dhibiti ya BIOS na maikrokodi ya prosesa. Sasisha zote mbili kabla ya kumhukumu prosesa.

Kuna chanzo kimoja ambapo mgeni ndiye anayemwangusha mwenyeji, na ni vizuri kila anayekaribisha wageni asiowafahamu akijue. Tarehe 12 Novemba 2019 ilitangazwa kasoro CVE-2018-12207 kwenye prosesa nyingi za Intel. Mgeni anaweza kubadilisha ukubwa wa kurasa zake kwa namna fulani, prosesa ikakuta tafsiri mbili za anwani moja ya maagizo, ikaibua MCE na kusimamisha seva nzima. Msimbo unaoachwa ni 0150. Kagua kwa mwenyeji:

`cat /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/itlb_multihit`

Jibu la `Not affected` au `KVM: Mitigation: Split huge pages` linatosha. `KVM: Vulnerable` linataka hatua leo: sasisha kerneli ya mwenyeji, na hakikisha `/sys/module/kvm/parameters/nx_huge_pages` haijazimwa na mtu aliyekuwa akitafuta kasi.

Simama na umwite fundi wa seva au mtengenezaji kama mwenyeji ameanguka kwa MCE zaidi ya mara moja, kama hali inaonyesha ile biti ya prosesa kuharibika ikiwa moja, kama makosa yanatoka kwenye benki za kashe au za ndani ya prosesa, au kama unasikia harufu ya kuungua. Usiendelee kuiwasha seva hiyo ikiwa na data hai.

## Dalili: Mgeni anakataa kuhamishwa akiwa hai

Kama mgeni ana kurasa zilizotengwa, kumhamisha kunamaanisha kuzisoma, na kuzisoma ni kugusa kidonda. QEMU za zamani zilikuwa zinakufa katikati ya safari. Matoleo ya karibuni yanakataa mapema kwa ujumbe. Usitafute njia ya kulazimisha. Mzime mgeni kwa utaratibu, mwashe upya ili apate kurasa safi, ndipo umhamishe; au mhamishe akiwa amezimwa.

## Kumpata kijiti mbovu

Hamisha wageni wote kwanza. Kisha, seva ikiwa imezimwa na waya wa umeme umechomolewa, umevaa kamba ya kuzuia umeme tuli mkononi, toa kijiti unachokishuku ukiweke kwenye sloti nyingine, na cha sloti hiyo ukilete huku. Washa, endesha memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Makosa yakimfuata kijiti, ni kijiti. Yakibaki kwenye sloti, ni ubao mama au kidhibiti ndani ya prosesa, na hapo ni kazi ya fundi. Kama seva iko kwenye dhamana, usiifungue kabisa. Mpe mtengenezaji logi. Hujawahi kufungua seva? Usijifunzie kwenye hii.

Wakati unasubiri kijiti kipya unaweza kuiambia rasdaemon iwe inahamisha data kutoka kwenye kurasa zinazosahihishwa mara kwa mara kabla hazijaoza. Ni nafuu ya muda. Orodha ya kurasa zilizotengwa inakaa kwenye RAM tu. Ukiwasha mwenyeji upya inafutika, na ukurasa ule mbovu unarudi kugawiwa mgeni mwingine asiye na habari. Kwa hiyo mwenyeji ambaye HardwareCorrupted yake imerudi sifuri baada ya kuwashwa upya hajapona.

Na kama seva haina ECC, ukimya si ushahidi. Biti itageuka na hakuna MCE itakayotokea. Utaona programu zikianguka ovyo na faili zikiharibika bila sababu.

Vitu viwili naomba usivifanye: kuweka `mce=off` kwenye kerneli ya mwenyeji, na kuchuja ujumbe huu usifike kwenye mfumo wako wa ufuatiliaji. Vyote viwili vinaacha kosa likiwa hai na kumnyamazisha shahidi.

## Kujaribu kama njia nzima inafanya kazi

Ukitaka kujua mgeni wako atafanya nini siku hiyo ikifika, mtengenezee kosa. Tumia mgeni wa majaribio pekee, asiye na data ya mtu, maana huenda akaanguka:

`virsh qemu-monitor-command jaribio --hmp 'mce -b 0 9 0xbd000000000000c0 0x5 0x12345000 0x8c'`

Namba zinafuatana hivi: prosesa pepe, benki, hali, hali ya jumla, anwani, maelezo ya ziada. Chagua anwani iliyo ndani ya RAM ya mgeni huyo. Kisha tazama `dmesg` yake. Ukiona ukurasa umetengwa na mfumo wako wa tahadhari umekutumia ujumbe, njia iko wazi. Ukiona kwenye `dmesg` lakini tahadhari haikuja, tatizo liko kwenye ufuatiliaji wako, na ni afadhali ulijue leo.

## Kama mashine pepe ni ya kukodi

Huwezi kumwona mwenyeji, hivyo nusu ya hatua za hapo juu hazikuhusu. Kusanya mistari yote ya `[Hardware Error]` na `Memory failure` pamoja na saa zake na ukanda wa saa, kitambulisho cha mashine, na maelezo ya kilichokufa. Mpelekee mtoa huduma, ukisema wazi kwamba unaomba seva iliyokubeba ikaguliwe. Ukiandika tu "mashine yangu inaanguka" utaambiwa usasishe kerneli.

Huku ukisubiri, izime mashine kabisa kisha iwashe, badala ya kuiwasha upya kwa amri ya ndani. Kwa watoa huduma wengi, kuwasha upya kwa ndani kunakuacha kwenye seva ileile, ilhali kuzima na kuwasha hukupangia nyingine. Kabla ya kuzima hakikisha diski yako si ya muda, kwa sababu diski za aina hiyo hufutwa mashine ikizimwa, na anwani ya mtandao nayo inaweza kubadilika. Ukishawaka, angalia tena `dmesg` baada ya saa, kisha baada ya siku, na linganisha na ile logi uliyoiokoa mwanzo.